Gari la Nafuu: Mgongo, Mfuko na Msamiati

Wahenga walinena kwamba hujafa hujaumbika. Methali hii niliifundisha kwa miaka miwili katika shule moja ya kutwa huku Kiambere, nikiwaeleza wanafunzi wa kidato cha pili maana yake ya nje na maana yake ya ndani, na hata nikiwatungia maswali ya mtihani juu yake. Nilidhani naielewa. Kumbe nilikuwa bado sijaumbika. Jioni moja ya Novemba 2022, pikipiki niliyoabiri kutoka Kiritiri iliteleza kwenye changarawe, ikanitupa ukingoni mwa barabara, nami nikaja kuzindukia wodini, nyonga yangu ya kushoto imeungwa kwa vyuma na pingili moja ya uti wa mgongo ina ufa. Mwendeshaji alichubuka kiwiko tu. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, ingawa nakiri kwamba shukrani hiyo ilichukua miezi kadhaa kufika.

Makala haya yanahusu jambo ambalo huenda msomaji akashangaa kulikuta katika jarida la chama cha wanafunzi wa Kiswahili, nalo ni uteuzi wa gari. Siandiki kama fundi, wala si mchuuzi wa magari. Naandika kama mwanafunzi wa uzamili katika fasihi ambaye alilazimika kununua gari ili aweze kuendelea kuwa mwanafunzi, na ambaye katika kulitafuta aligundua kwamba nusu ya matatizo yake ilikuwa ya mgongo na nusu nyingine ilikuwa ya maneno. Atakayeona kwamba suala hili halistahili kurasa hizi, namwomba anivumilie hadi mwisho, kisha anihukumu.

Nianze na maneno, maana ndiyo mali yetu. Lugha ya Kiswahili ina neno moja ambalo, kwa maoni yangu, lina hekima kuliko matangazo yote ya wauzaji wa magari. Neno lenyewe ni nafuu. Tunasema bei nafuu tukiwa na maana ya bei isiyomuumiza mnunuzi. Tunasema pia mgonjwa amepata nafuu, yaani maumivu yamempungukia. Mfuko na mwili vimepewa neno moja. Sasa linganisha na neno starehe, ambalo ndilo watu hulikimbilia wanapozungumzia kiti kizuri, barabara nzuri au usafiri mzuri. Starehe katika masikio ya Waswahili wengi imekaribiana mno na anasa. Ukisema unataka gari la starehe, wasikilizaji huona muziki, vioo vyeusi na safari za wikendi. Hawaoni nyonga iliyofungwa vyuma. Tofauti ya maneno haya mawili nusura inigharimu masomo yangu, kama nitakavyoeleza.

Kwa wasioijua Kiambere, ni sehemu ya Mbeere Kusini katika Kaunti ya Embu, nchi kavu yenye vilima vya mawe na migunga, iliyo kandokando ya Mto Tana. Jina lake linajulikana zaidi kwa sababu ya bwawa. Kituo cha umeme cha Kiambere kilianza kazi mwaka 1988, nacho ni cha chini kabisa katika msururu wa vituo vitano vya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, vinavyotumia maji yale yale yakiteremka. Mto huo umefungwa mara tano ili Nairobi iwake taa. Barabara zetu hazikupata bahati ya kushughulikiwa kwa bidii kama hiyo. Zipo sehemu za lami, zipo za changarawe, zipo na zile ambazo mvua ya Aprili huziamua upya kila mwaka. Anayetoka Kiambere alfajiri kwenda chuoni huabiri pikipiki hadi penye magari, kisha huingia ndani ya Toyota Probox iliyojaa watu, mmoja akiwa amekaa upande wa dereva karibu ampakate, kisha hubadilisha gari Kiritiri au Embu. Mwenye viungo vizima huuona huo kuwa usumbufu. Mwenye nyonga kama yangu huona mlango umefungwa.

Nilipotoka hospitalini daktari alinipa agizo moja nililoliandika nyuma ya kadi ya kliniki: nisiketi mahali popote ambapo magoti yatapanda juu ya nyonga, na nisikae kitako kwa muda mrefu bila kusimama. Agizo fupi kama methali. Lakini jaribu kulitii ndani ya matatu ya abiria kumi na wanne, katika kile kiti cha nyuma kilichowekwa juu ya gurudumu, magoti yakiwa karibu na kidevu! Nililitii kwa kukaa nyumbani. Mihula miwili ikapita. Msimamizi wangu wa tasnifu, mtu mwenye subira, alinipigia simu kunikumbusha kwamba subira ya chuo haifanani na yake.

Hapo ndipo mkutano wa ukoo ulipoitishwa. Nilikuwa na mkopo wa chama cha akiba na mikopo ulioidhinishwa kwa hati yangu ya mshahara, na Baba alikuwa tayari kuuza ng'ombe wawili. Nikasema nahitaji gari lenye kiti cha starehe. Ewe msomaji, laiti ningeuuma ulimi! Baba mdogo, ambaye kwa kawaida ni mtetezi wangu, alikohoa, akaitazama dari, kisha akanena kwa upole:

“Binti yangu, starehe ni baada ya kumaliza kusoma. Sisi tunatafuta gari la kazi.”

Gari la kazi, kwa istilahi ya Mbeere, lina maana moja tu. Probox. Nalo ni gari linalostahili heshima, silibezi. Lilianza kuundwa mwaka 2002 kwa ajili ya kubeba mizigo ya maduka na makampuni huko Japani, na huku kwetu limebeba muguka, mbuzi, maharusi, majeneza na wapiga kura. Mei 2024, kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipotangaza kupiga marufuku muguka, jirani mmoja anayefanya biashara hiyo alitaka kuniuzia lake kwa bei ambayo Baba aliiita zawadi. Nililijaribu. Gari lililokusudiwa kubeba mzigo mzito nyuma huwa gumu likiwa tupu: kila shimo lilipita katika chuma, likapanda kitini, likaja kubisha hodi kwenye ile pingili yangu yenye ufa. Tulipofika njia panda niliomba kushuka. Jirani aliona nimedharau gari lake, na hadi leo salamu zake ni fupi.

Usiku ule ndipo nilipomwambia Baba kwamba sikukusudia starehe. Nilikusudia nafuu. Alinyamaza kidogo, akaniuliza, “Nafuu ya bei au nafuu ya mgongo?” Nikamjibu kwamba mimi sioni tofauti, kwa sababu gari la bei ndogo nisiloweza kuliketia ni pesa zilizotupwa Tana. Tangu siku hiyo hakutaja tena Probox. Sisemi kwamba neno moja lilibadilisha moyo wa mzee. Huenda alikuwa amechoka na mabishano. Lakini nimesoma nadharia nyingi za mawasiliano tangu nijiunge na chuo, na sijaona iliyonieleza mazungumzo yale vizuri kuliko neno lenyewe.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo nitaeleza nilivyolala katika vitanda kadhaa. Nilikwenda katika yadi za magari Embu na baadaye Nairobi nikiwa na ndugu yangu mdogo, mkongojo mmoja, na utepe wa fundi cherehani. Wauzaji walicheka walipouona utepe. Walizoea wateja wanaouliza juu ya injini, redio na idadi ya kilomita. Mimi nilipima urefu kutoka ardhini hadi kwenye kiti, nikalinganisha na urefu kutoka ardhini hadi nyuma ya goti langu. Hiki ndicho kipimo cha kwanza, na kama kuna jambo moja ambalo ningependa aliye na jeraha la nyonga, goti au mgongo akumbuke, ni hili. Gari la saluni la kawaida hukaa chini. Mtu huanguka ndani yake, na kutoka ni kama kupanda kutoka kisimani. Magoti hupanda juu ya nyonga, yaani kinyume kabisa cha agizo la daktari. Magari makubwa ya magurudumu manne, ambayo watu hudhani ndiyo ya kifahari na kwa hiyo ndiyo mazuri kwa mgonjwa, yana kosa la upande wa pili: lazima uinue mguu juu sana na kujivuta kwa mikono. Mguu mzima waweza. Mguu wenye vyuma hauwezi, hasa asubuhi. Mwili uliojeruhiwa unataka kiti kilicho katikati, ambacho ukisimama nacho mgongoni unarudi nyuma kidogo, unaketi, miguu ingali nje, kisha unageuka na kuiingiza mmoja mmoja.

Kipimo cha pili ni mlango. Haitoshi mlango kufunguka. Yafaa ufunguke kwa upana wa kutosha kumpitisha mtu anayegeuka na kiwiliwili chote bila kupinda mgongo. Katika maegesho yaliyobanana ya mijini, mlango wa bawaba haufunguki hata nusu. Mlango wa kuteleza hauna shida hiyo.

Ndipo nilipokutana na aina ya magari ambayo sikuwa nimeyatilia maanani maisha yangu yote, ingawa yamejaa barabarani. Japani ni nchi ya wazee. Zaidi ya robo ya watu wake wana umri wa miaka 65 na kuendelea, na kwa sababu hiyo watengenezaji wao wameunda magari madogo ya familia yenye sakafu ya chini, kiti cha urefu wa wastani na milango ya kuteleza, ili bibi mwenye magoti mabovu aweze kwenda kliniki. Toyota Sienta ni moja. Porte ni jingine, lenye mlango mmoja mpana wa kuteleza upande wa abiria. Honda Freed pia. Toyota wana hata mkusanyiko mzima uitwao Welcab, wenye viti vinavyogeuka hadi nje ya mlango au ngazi ya mteremko ya kupandishia kiti cha magurudumu. Na kwa kuwa Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, mlango uliotengenezewa bibi wa Osaka hufunguka upande wa ukingo wa barabara hata ukiwa Kiritiri. Sisi huyanunua magari haya kwa sababu ni ya bei ya chini na hayanywi petroli, tukiyapakia magunia, bila kuuliza kwa nini mlango ule uliwekwa pale.

Nilinunua Toyota Raum. Najua kwamba baadhi ya wasomaji watatabasamu, kwa maana Raum si gari la kumfanya mtu ageukwe shingo. Toleo la pili, lililotoka mwaka 2003, halina nguzo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma upande wa kushoto. Ikifunguliwa milango yote miwili, upande mzima unakuwa wazi kama sebule. Kwa miezi ya kwanza, ndugu yangu akiendesha, niliingia kupitia uwazi huo nikiwa na mkongojo wangu bila kumwita mtu. Bila kumwita mtu: maneno haya matatu ndiyo yaliyonifanya nilie nikiwa katika yadi, mbele ya muuzaji aliyedhani nalilia punguzo la bei. (Punguzo lilikuja, na sikumsahihisha.) Jambo lililomridhisha Baba lilikuwa jingine kabisa. Injini ya Raum ile ya lita 1.5 ni ya jamii ile ile iliyomo katika Probox za kwanza, hivyo mafundi wa jua kali wa Kiritiri wanaijua kama wanavyojua majina ya watoto wao, na vipuri vyake havitafutwi mbali.

Lina aibu zake. Tumbo lake liko karibu na ardhi, na kuna makorongo mawili njiani ambayo mvua ikinyesha siyavuki, nageuza. Reli za milango ya kuteleza hujaa vumbi letu jekundu na yafaa zipigwe brashi kila wiki, la sivyo mlango hukwama nusu njia kama msomi aliyesahau hoja yake. Fundi mmoja alinishauri kuweka spesa ili kuliinua gari. Ushauri huo hutolewa kwa kila mwenye gari dogo upande wetu, nami niliukataa kwa sababu ungeinua pia kile kiti nilichokitafuta kwa utepe. Badala yake nilibadilisha shoki zilizochoka, nikakataa rimu kubwa za kung'aa alizotamani ndugu yangu, nikabaki na magurudumu madogo yenye tairi nene ubavuni. Upana ule wa ubavu wa tairi ndio unaokula mashimo kabla hayajafika mgongoni. Hakuna aliyenieleza hilo katika yadi. Nilielezwa na dereva mstaafu wa lori aliyeumwa mgongo miaka mingi.

Sasa naendesha mwenyewe. Gari halina klachi, hivyo mguu wangu wa kushoto umepata likizo. Lau ningeumia mguu wa kulia, hesabu ingekuwa tofauti: ningehitaji vidhibiti vya mkono, au kichapuzi kihamishiwe kushoto, na bei ingepanda. Upande wa dereva nguzo ipo, na mguu ulioumia ndio unaotangulia kuingia chini ya usukani, basi huushika kwa mikono miwili na kuuweka mahali pake kama mtoto. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa amenipa ujanja wa zamani wa kutandika mfuko wa plastiki kitini ili mwili uteleze wakati wa kugeuka. Ujanja mzuri, ila mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini Kenya mwezi Agosti 2017! Mama alileta leso kuukuu ya hariri bandia, nayo hufanya kazi ile ile pasipo kuvunja sheria.

Hadi hapa nimesimulia mambo ya vyuma na vitambaa. Sasa nije kwenye lile ambalo limenikera zaidi, na ambalo linawahusu wasomaji wa jarida hili moja kwa moja.

Gari linapoingizwa Kenya hutozwa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, kodi ya thamani ya ziada na ada nyinginezo, na jumla ya hizo ni mzigo mzito kuliko nauli ya meli. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2003 iliweka wazi kwamba vifaa vilivyoundwa au kurekebishwa kwa matumizi yao, yakiwemo magari, visamehewe ushuru. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 nayo ina msamaha wa aina hiyo. Mwaka 2025 Kenya ilipata sheria mpya iliyochukua mahali pa ile ya 2003. Ili kunufaika, mtu hupimwa na madaktari katika hospitali ya serikali, husajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, kisha huomba. Kwa nini basi mimi nilinunua gari kuukuu lililokwisha kulipiwa kila kitu na mwenye kuliagiza, nikalipa bei kamili?

Jibu la kweli ni kwamba sikuomba. Nilikuwa na fomu mkononi. Mama aliliona lile neno mlemavu nilipokuwa nikimfafanulia fomu kwa Kimbeere na Kiswahili, akaniambia nisijiite hivyo, kwamba najivutia nuksi, kwamba mimi nimeumia tu. Nami, mwalimu wa Kiswahili, niliyekaa miaka mitatu nikisomea jinsi lugha inavyoumba uhalisi, niliikunja fomu nikaitia ndani ya kamusi.

Nikiwa bado na hasira dhidi ya nafsi yangu, nimejaribu kutafuta neno ambalo lingenifaa. Majeruhi? Hilo ni neno la taarifa ya habari. Mtu huwa majeruhi siku ya ajali, na akitoka wodini redio haimwiti hivyo tena. Mgonjwa? Siumwi ugonjwa wowote. Kilema? Hapana. Mlemavu ni neno linalobeba hali ya kudumu, ilhali madaktari hawawezi kunihakikishia kama hali yangu ni ya kudumu au ya miaka mitano. Kati ya mzima na mlemavu lugha yetu imeacha uwanja mtupu, na uwanja huo umejaa watu: waliovunjika katika pikipiki, waliochomwa na mafuta, wazee wenye magoti yaliyoliwa, akina mama waliopasuliwa. Ile sheria ya 2003 ilikuwa na fasili pana ya ulemavu, iliyotazama namna hitilafu ya mwili inavyomzuia mtu kushiriki katika maisha ya jamii. Kwa fasili hiyo, mwanafunzi aliyekosa mihula miwili kwa sababu ya kiti cha matatu alikuwa na haki ya kupimwa na kusikilizwa. Lakini sikuisoma fasili. Nilisoma neno, nikalikimbia.

Najua jinsi mjadala huu hupelekwa katika semina zetu. Tutaanza na ngeli. Tutasema kwamba kipofu, kiziwi, kilema na kiwete wamewekewa kiambishi cha vitu, na kwamba huko ni kudhalilishwa. Mwingine atajibu kwamba kiongozi, kijana na kinyozi nao wana kiambishi hicho hicho na hawalalamiki, na kwamba upatanisho wa kisarufi ni wa A-WA kwa wote. Tutakubaliana kwamba mtu mwenye ulemavu ni bora kuliko mlemavu. Nimeshiriki mjadala huo mara mbili na nimeufurahia. Hata Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inataka watu wenye ulemavu waitwe kwa namna isiyowadhalilisha, kwa hiyo si mjadala wa kipuuzi. Ila kifungu hicho hicho kinataka pia wafikiwe na usafiri wa umma na habari. Sisi watu wa lugha tumeshika nusu ya kwanza, nusu ya pili tumewaachia wahandisi na mawakili.

Fomu niliyopewa ilikuwa ya Kiingereza tupu. Kifungu cha 7 cha Katiba hiyo hiyo kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na tena ni lugha rasmi. Tangu UNESCO itangaze mwaka 2021 kwamba tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, tumekata keki, tumeghani mashairi, tumevaa leso zenye maandishi. Je, ni wangapi kati yetu wamekaa siku moja na fundi, muuguzi na mtu mwenye mkongojo wakaandika jinsi mambo haya yanavyosemwa? Ule mguu wa usukani unaovutwa karibu na kifua unaitwaje? Kiti kinachogeuka hadi nje? Urefu wa kiti kutoka ardhini? Nilipokuwa katika yadi, mimi mwenye shahada ya kwanza katika lugha hii, nilionyesha kwa vidole. Ndugu yangu mdogo, asiyejali sarufi, ndiye aliyewasiliana, kwa sababu alikuwa na maneno ya mafundi.

Wapo watakaonijibu kwamba istilahi ni kazi ya mabaraza na taasisi, si ya wanafunzi. Siwakubalii. Istilahi za mafundi hazikuundwa na baraza lolote. Shoki na spesa zilizaliwa chini ya gari, mgongoni mwa mtu aliyelala kwenye katoni. Wengine watasema kwamba Kiswahili cha mafundi si sanifu. Huenda. Lakini aliyenisaidia kupata kiti ni fundi.

Nimependekeza kwa kamati ya chama chetu kwamba muhula ujao, badala ya kongamano moja zaidi kuhusu nafasi ya Kiswahili katika utandawazi, tuwatume wanachama wanne Kiritiri na Embu, wakae na mafundi na wahudumu wa kliniki ya mifupa, waandike orodha ya maneno na kutafsiri fomu ile kwa Kiswahili ambacho Mama angeweza kukisoma bila kuogopa. Nimejitolea kuwabeba. Raum huketi watu watano, na mlango wa kushoto naufungua mimi mwenyewe. Hadi ninapoandika haya, kamati haijajibu, ingawa mweka hazina ameniuliza kama petroli italipwa na chama.

Fomu yangu nimeitoa ndani ya kamusi. Imejikunja mahali pa herufi N. Jumatatu ijayo nitaondoka Kiambere saa kumi na moja alfajiri, nitasimama mara mbili njiani kunyosha mgongo, mara ya kwanza Kiritiri na mara ya pili Embu, na hapo Embu nitapita hospitalini kupimwa kabla ya kuendelea na safari ya chuoni. Mama amesema atakuja nami. Ameuliza tu kama kiti cha mbele kitakuwa chake.